Goti Si Bawaba

Wapenzi wa kandanda, habari hii mnaijua. Mchezaji anakimbia, hajaguswa na mtu, anageuka ghafla, mara yuko chini ameshika goti. Kesho yake magazeti yanaandika: nje ya uwanja miezi tisa. Wengi wetu tunaishia hapo. Leo twende mbele kidogo. Hao madaktari wanafunga nini humo gotini, na walijifunzaje?

Katikati ya goti kuna ligamenti mbili zinazopishana kama herufi X. Ya mbele ndiyo inayokatika mara nyingi michezoni. Ina kazi mbili: kuuzuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele, na kuuzuia usijizungushe kupita kiasi chini ya mfupa wa paja. Ishikeni vizuri hiyo kazi ya pili, maana ndiyo iliyowatoa madaktari jasho.

Mwaka 1836 ndugu wawili wa Kijerumani, Wilhelm na Eduard Weber, walichapisha kitabu kuhusu jinsi binadamu anavyotembea. Walieleza kuwa ligamenti hii ina mafungu mawili ya nyuzi, ambayo hayakazi kwa pamoja: goti likinyooka na likikunjwa, kila fungu lina zamu yake. Kwa maneno mengine, si kamba moja. Lakini wapasuaji waliofuata waliishughulikia kama kamba moja.

Mwaka 1895, mjini Leeds, Uingereza, Arthur Mayo Robson alizishona ligamenti za goti la mchimba migodi mwenye umri wa miaka 41. Mwaka 1917, Ernest Hey Groves wa Bristol akafuata wazo jingine: badala ya kushona kilichokatika, weka kingine. Alichukua ukanda wa utando mgumu wa pajani, akatoboa mifupa, akaupitisha humo. Mwaka 1963 Mmarekani Kenneth Jones akatumia sehemu ya kano iliyo chini ya pia ya goti.

Swali likawa: kamba gani ni imara zaidi? Mwaka 1984 Frank Noyes na wenzake walizivuta kamba hizo maabara mpaka zikakatika. Ligamenti halisi ilihimili nguvu ya nyutoni 1725 hivi, sawa na uzito wa mifuko mitatu na nusu ya saruji. Kipande cha kano ya pia ya goti kilihimili nyutoni 2900, karibu mifuko sita! Miaka hiyo hiyo wengine walijaribu kamba za viwandani, hata za Gore-Tex, ile ya makoti ya mvua. Nyingi zilisagika na kukatika ndani ya goti.

Basi kama kano ilikuwa imara kuliko ligamenti yenyewe, mbona kuna magoti yaliyoendelea kuteguka?

Jibu liko mlangoni kwako. Jaribu kuuzuia mlango usifunguke kwa kuusukuma karibu na bawaba. Utatoka jasho. Sukuma kwenye kitasa, kidole kimoja kinatosha. Kamba ya goti ni hivyo hivyo. Ikisimama wima karibu na mhimili ambao muundi unauzunguka, haina nguvu ya kuzuia mzunguko hata iwe ya chuma. Ikilala kimshazari, inaweza.

Na kwa nini ilisimama wima? Upasuaji wa kamera ndogo ulipoenea, wapasuaji wengi walilitoboa paja kwa kupitisha drili kwenye tundu la muundi. Njia ilikuwa rahisi, kidonda kidogo, ila mara nyingi drili haikufika mahali halisi pa ligamenti. Daktari akiuvuta mguu kitandani, goti limetulia. Mchezaji akirudi uwanjani na kugeuka, linamsaliti.

Mwaka 2003, watafiti wa Pittsburgh, Marekani, walitumia roboti kupima magoti ya maiti. Kamba iliyolazwa zaidi pembeni ilizuia mzunguko vizuri zaidi, ingawa haikufikia goti zima. Mafungu mawili ya akina Weber nayo yakarudi: wapasuaji wa Japani na Pittsburgh waliweka kamba mbili. Maabara ilifurahi. Wagonjwa wengi hawakuona tofauti kubwa.

Mwaka 2020 utafiti wa vijana 618 ulijaribu kuongeza mkanda upande wa nje wa goti, mbali na mhimili, kama kile kitasa. Baada ya miaka miwili, kamba mpya zilikuwa zimekatika kwa asilimia 4 ya waliowekewa mkanda huo. Kwa wasiowekewa, asilimia 11.

Hebu fikiria ni vijana wangapi waliacha mpira katikati ya 1836 na hapo, wakiambiwa goti limepona. Tatizo lilikuwa uimara wa kamba, au lilikuwa swali lenyewe? Mnaonaje?