Kigeu pitishi na kigeu rekebishi

kigeu pitishi *nm* [ki-/vi-] Kigeu ambacho athari ya kigeu huru hupitia kwacho hadi kukifikia kigeu tegemezi. Hujibu swali: athari hutokea *kwa njia gani?*

kigeu rekebishi *nm* [ki-/vi-] Kigeu kinachobadili nguvu au mwelekeo wa uhusiano kati ya kigeu huru na kigeu tegemezi. Hujibu swali: athari hutokea *kwa nani*, au *katika hali gani?*

Mifano
Mtafiti wa saikolojia katika kata ya Magomeni, Mtwara, anaweza kukisia hivi kuhusu wanafunzi wa sekondari:

1. *Hofu ya mtihani humkosesha mwanafunzi usingizi, na kukosa usingizi humshusha alama.* Usingizi ni kigeu pitishi.
2. *Hofu humshusha sana alama mwanafunzi asiyesaidiwa masomo nyumbani, na anayesaidiwa humshusha kidogo tu.* Msaada wa nyumbani ni kigeu rekebishi.

Tofauti
Reuben Baron na David Kenny walizitenganisha dhana hizi katika makala yao mashuhuri ya mwaka 1986. Mfasiri anayeziita zote “kigeu cha kati” hupotosha ushauri unaotokana na utafiti. Kisio la kwanza lauelekeza msaada kwenye usingizi wa wanafunzi wenye hofu. La pili lataka watafutwe kwanza wasio na wa kuwasaidia.

Jaribio la KiuFunza la mwaka 2013 na 2014, lililohusisha shule za msingi 350 nchini Tanzania, laonyesha urekebishi. Ruzuku ya shule peke yake haikuinua alama za wanafunzi. Ilipoambatana na bonasi kwa walimu kwa kadiri wanafunzi walivyofaulu, alama zilipanda. Bonasi haikuzalishwa na ruzuku, bali ilibadili athari yake. Kwa hiyo haiwezi kuitwa pitishi.

Tanbihi
(a) *Mpatanishi* ni mtu anayesuluhisha wagomvi. Kigeu pitishi hakisuluhishi chochote.
(b) *Kigeu* kisichanganywe na *kigeugeu*, yaani mtu asiye na msimamo.
(c) Kitu kimoja chaweza kuwa pitishi katika utafiti mmoja na rekebishi katika mwingine. Mfasiri asome kisio la mtafiti kabla ya kuchagua neno.

*Taz. pia:* kigeu huru, kigeu tegemezi.