Umri wa Kuolewa katika Sheria ya Tanzania Bara

Kabla ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Tanzania Bara haikuwa na kipimo kimoja cha umri wa msichana kuolewa, kwani ndoa za Kikristo, za Kiislamu na za kimila zilifuata kila moja utaratibu wake, na katika jamii nyingi kilichoangaliwa ni mwili wenyewe: msichana akishavunja ungo, yaani akishapata hedhi ya kwanza, alifundwa kama mwari, na posa ikija na mahari ikikubaliwa hapakuwa na sababu ya kungoja. Serikali ilipotoa mwaka 1969 waraka wa mapendekezo ya sheria moja ya ndoa kwa dini na makabila yote, ilikuwa inagusa jambo ambalo wazee na viongozi wa dini walilihesabu kuwa mali yao.

Kifungu cha 13 cha sheria iliyopitishwa kiliweka miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, na kikairuhusu mahakama kukubali ndoa ya aliyefikisha 14 kukiwa na sababu maalumu. Namba hizo zinaumiza kuzisoma leo, lakini zina wakati wake: mwaka 1965 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limependekeza kwamba umri wa kuoa au kuolewa usipungue miaka 15, kwa hiyo sheria ya Tanzania haikuwa nyuma ya dunia ya siku zile, na kifungu cha 16 kilitamka wazi kwamba hakuna ndoa pasipo ridhaa ya hiari ya wanaooana.

Udhaifu mkubwa ulikuwa katika kifungu cha 17, kilichomtaka msichana aliye chini ya miaka 18 apate idhini ya baba yake, au ya mama ikiwa baba amefariki, au ya mlezi ikiwa wazazi wote hawapo. Baba akikataa bila sababu ya msingi, kifungu hichohicho kiliiwezesha mahakama kutoa idhini badala yake. Baba akikubali, kifungu hakikuweka mtu wa kumuuliza kwa nini amekubali. Kinga ilikabidhiwa mikononi mwa yule yule anayepokea mahari, na katika mikoa kama Shinyanga, Tabora na Mara, ambako mahari ya ng'ombe ni sehemu ya uchumi wa kaya, ni vigumu kuiita hiyo kinga.

Sheria zilizofuata ziliziba nyufa pembeni na kuliacha pengo lenyewe. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya kujamiiana na msichana wa chini ya miaka 18 kuwa ubakaji, isipokuwa msichana huyo awe mke wa mwanamume husika na awe amefikisha miaka 15. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikamtaja mtoto kuwa mtu wa chini ya miaka 18, bila kuigusa ile ya ndoa. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa ili anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari afungwe miaka 30, adhabu nzito kweli, ila ilimlinda mwanafunzi, si msichana. Aliyemaliza darasa la saba bila kuchaguliwa kuendelea alibaki nje ya ulinzi huo, na si siri kwamba wako wazazi waliowaagiza binti zao wafanye vibaya mtihani kwa makusudi.

Mwaka huohuo wa 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakiuka haki ya usawa iliyomo katika Katiba. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa, ikaagiza sheria irekebishwe ndani ya mwaka mmoja ili umri uwe miaka 18 kwa wote. Mwaka huo ulipita bila Bunge kupitisha marekebisho. Serikali ilirudi kukusanya maoni ya wananchi na viongozi wa dini, juu ya jambo ambalo mahakama ya juu kabisa nchini ilikuwa imekwisha kuliamua.