Bangla-Pesa

Bangla-Pesa ni vocha ya kubadilishana bidhaa na huduma iliyozinduliwa Mei 2013 katika mtaa wa Bangladesh, Mikindani, magharibi mwa Kisiwa cha Mombasa ukishavuka mkondo wa Makupa. Waliianzisha wafanyabiashara wadogo wa mtaa huo, wapatao 200, pamoja na Mmarekani Will Ruddick wa shirika la Koru-Kenya. Jaribio lililoitangulia, Eco-Pesa, lilifanyika Kongowea mwaka 2010.

Mwanachama alidhaminiwa na wenzake wanne ndipo akapewa vocha. Hakuzinunua, wala hazikuzaa riba. Hoja ya mfumo huo ilikuwa hii: shilingi zikikauka mtaani, sukuma wiki hunyauka kwa mama mboga na fundi hukaa bure, ilhali kila mmoja anahitaji alicho nacho mwenzake. Vocha ilijaza pengo hilo mpaka shilingi zirudi.

Wiki chache baada ya uzinduzi watu sita, Ruddick akiwemo, walikamatwa. Serikali ilishuku kwamba vocha zilihusiana na Mombasa Republican Council, kundi la wito wa "Pwani si Kenya", kisha ikawashtaki kwa kutengeneza karatasi zinazofanana na noti. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliiondoa kesi hiyo Agosti 2013. Ajabu ni kwamba Mombasa ilikwisha kuona fedha ya watu binafsi: mwaka 1888 Imperial British East Africa Company, kampuni ya wenye hisa ya Uingereza, ilitoa pesa zake za shaba zenye jina la Mombasa na picha ya mizani. Hiyo haikuitwa bandia.

Je, Bangla-Pesa ni mbadala wa ubepari? Watetezi wake husema ndiyo, kwa kuwa mkopo unatoka kwa jirani badala ya benki. Dai hilo limezidi kipimo. Bei ya jumla, kodi ya nyumba na karo zilibaki za shilingi, na mwenye duka la jumla hakulazimika kupokea vocha. Ukweli ni kwamba Bangla-Pesa ilikuwa binamu wa chama cha akiba na mchezo wa akina mama wa kupokezana fedha, ambao Mji wa Kale na mitaa yote ya Mombasa inaujua vyema.

Mwaka 2018 shirika la Grassroots Economics, lililoongozwa na Ruddick, lilihamia vocha za simu zilizoitwa Sarafu, zikiandikwa kwenye blokicheni, yaani daftari la pamoja la kidijitali. Rekodi za miamala ya 2020 na 2021, za akaunti takriban 40,000 zisizo na majina, zilitolewa kwa watafiti. Huo ni uwazi, lakini wa aina nyingine: daftari la chama husomwa na wanaojuana, hili la kidijitali husomwa na mgeni aliye ng'ambo.

Mfumo wa WIR wa Uswisi, ulioasisiwa 1934 kwa wazo kama la Bangla-Pesa, ungali unafanya kazi. Lakini unaendeshwa na benki yenye leseni.