Wageni wa Peking

Nikiwa kijana wa shule, jioni tulikusanyika kuisikiliza Redio Peking, iliyoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961. Hatukujua kwamba mjini humo humo, katika Hoteli ya Urafiki, wageni waliofanya kazi za ualimu na tafsiri walikuwa wakibishana siasa kuliko sisi.

Mwaka 1966 Wamarekani 4 walibandika bango la maandishi makubwa. Walitaka wageni wasidekezwe, bali watendewe sawasawa na Wachina. Mao akaafiki. Basi wageni wakaunda kikundi chao cha waasi, wakashutumiana, wakagawanyika.

Usawa ukawafikia hata wasiobandika bango. David Crook, Mwingereza, mwalimu kama mimi, alikamatwa mwaka 1967 kwa tuhuma za ujasusi. Alikaa kifungoni miaka 5. Sidney Rittenberg, Mmarekani wa hiyo redio yetu, alifungwa tangu 1968 hadi 1977.

Machi 1973 Waziri Mkuu Zhou Enlai aliwaomba radhi wageni hao. Naye Crook hakuondoka. Alibaki na kufundisha, akafia Beijing mwaka 2000. Mimi, nasema kweli, ningerudi kwetu siku ile ile.