Pipelle

Pipelle ni mrija mwembamba wa plastiki ambao madaktari wa magonjwa ya wanawake hutumia kuchukua sampuli ya endometriamu, yaani utando wa ndani wa mji wa mimba. Ulibuniwa na daktari Mfaransa Étienne Cornier katika miaka ya 1980, na hutupwa baada ya kutumika mara moja. Sampuli huhitajika hasa mwanamke anapotokwa na damu baada ya kukoma hedhi, au hedhi inapokuwa nzito na kukosa mpangilio, ili kujua kama kuna saratani au mabadiliko ya utando yanayoweza kuitangulia.

Muundo na matumizi

Mrija una urefu wa takriban sentimita 23 na upana wa milimita 3 hivi, kwa hiyo mara nyingi hupita kwenye mlango wa kizazi bila kuupanua. Alama za sentimita zilizochorwa juu yake humwonyesha daktari kina alichofikia. Ncha yake imezibwa, lakini ubavuni kuna tundu dogo, na ndani hupita pistoni nyembamba.

Mrija ukishafika ndani, daktari huivuta pistoni nyuma, kama avutaye dawa kwa bomba la sindano. Mvuto huo hunyonya vipande vya utando kupitia tundu, huku mrija ukizungushwa kati ya vidole na kusogezwa mbele na nyuma ili kuta zote ziguswe. Baada ya kuuchomoa, pistoni husukumwa, na vinyuzi laini vilivyochanganyika na damu huangukia kwenye chupa ya formalini na kupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia. Kazi huisha kwa dakika chache, bila dawa ya usingizi. Mgonjwa huumwa tumbo la chini kama wakati wa hedhi, na wengine hupata kizunguzungu. Mjamzito hafanyiwi kipimo hiki, wala mwenye maambukizi makali ya nyonga.

Vifaa vilivyotangulia

Kabla yake ilitumika kureti, chombo cha chuma cha kukwangulia kilichobuniwa na Mfaransa Joseph Récamier katika miaka ya 1840. Kwa kawaida mlango wa kizazi ulipanuliwa kwanza, mgonjwa akiwa usingizini. Ndiyo shughuli ambayo wengi huiita kusafisha kizazi. Mwaka 1935 Emil Novak wa Marekani alieleza kureti yenye uwazi inayonyonya kwa bomba. Baadaye ikaja Vabra, iliyounganishwa na mashine ya kunyonya.

Mipaka

Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulilinganisha vifaa viwili: Pipelle ilichukua sampuli kwenye takriban asilimia 4 ya uso wa utando, Vabra asilimia 42. Hata hivyo, uchambuzi wa tafiti nyingi wa mwaka 2000 ulikuta kwamba Pipelle hubaini zaidi ya asilimia 99 ya saratani za endometriamu kwa wanawake waliokoma hedhi, na asilimia 91 kwa wasiokoma. Sababu ni kwamba saratani hii mara nyingi huwa imeenea, hivyo mrija hauikosi kirahisi. Polipu au uvimbe mdogo uliojificha pembeni ndio unaoweza kuponyoka. Kwa hiyo damu ikiendelea kutoka, jibu zuri la maabara halifungi jalada: mgonjwa hupimwa kwa ultrasaundi, au kwa histeroskopi, ambayo humwonyesha daktari kile ambacho mrija haukugusa.