Dawa ya Ebola ilitoka katika damu yetu

Wakaaji wa Katoyi wanakumbuka Novemba 2019, wakati chanjo ya pili ya Ebola ilianza kutolewa hapa jirani, Majengo na Kahembe. Ulikuwa utafiti: kila mtu aliombwa kukubali kwanza, kisha arudi baada ya siku 56 kwa sindano ya pili.

Utafiti wa Ebola katika inchi yetu haukuanza siku hiyo. Mwaka 1995, ugonjwa ulipoua watu Kikwit, Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliwatia wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. Saba walipona. Wataalamu wengi wa ngambo walikuwa na mashaka. Lakini baadaye, damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit ndiyo ilizaa dawa inayoitwa mAb114.

Dawa hiyo ilipimwa huku Kivu ya Kaskazini kuanzia Novemba 2018, pamoja na zingine tatu, kule Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa mapema, kwani mAb114 na REGN-EB3 zilikuwa zimeonyesha nguvu: karibu mgonjwa 1 kati ya 3 alikufa, wakati kwa dawa ya ZMapp alikufa 1 kati ya 2. Waliofika mapema kwenye kituo ndio walipona zaidi.

Ndugu wasikilizaji, nanyi familia mliohama vita, mtu akiwaletea karatasi ya utafiti, muulizeni: ni dawa gani, nani anaisimamia, itatufaa nini? Kukataa ni haki yenu. Lakini homa ikiwashika, msingoje nyumbani.