Nani Mkongwe wa Jeshi? Hoja kutoka Machakos

Sheria ya wanajeshi wakongwe iliyopitishwa nchini Kenya mwaka 2022 inamtazama mtu kwa mambo mawili: awe alitumikia jeshi, na awe aliondoka kwa heshima. Vigezo hivyo vinaonekana imara mpaka uvipeleke Machakos.

Ukambani, iliko Machakos, ndiko Waingereza walikochota askari wengi wa Keya, jeshi lao la kikoloni, hasa wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakidai kwamba Mkamba ni askari kwa kuzaliwa. Wanahistoria Timothy Parsons na Myles Osborne wamelibomoa dai hilo: watu walijiandikisha kwa sababu ya mshahara, na sifa ya ushujaa ikawa mtaji wa kudai haki kwa serikali. Lakini kabla ya hao walikuwako wapagazi wa 1914–1918. Hawakupewa bunduki. Walibeba risasi na chakula cha jeshi hadi ndani ya koloni la Wajerumani, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na malaria, na mishahara ya marehemu wengi haikuwafikia warithi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba wengi wa aina hiyo hawakuandikwa majina popote. Ikiwa bunduki ndiyo kipimo, hawa si kitu. Ikiwa ni mzigo wa vita, nani aliwazidi?

Kisha kuna Mau Mau, wapiganaji wa uhuru dhidi ya Waingereza. Athi River, ndani ya kaunti hii hii, palikuwa na kambi ya kuwazuilia washukiwa, huku askari wa Keya, Wakamba wakiwamo, wakiwasaka wapiganaji misituni. Waruhiu Itote alipigana Burma akiwa Keya, kisha akawa Jenerali China wa Mlima Kenya. Utumishi wake upi ungehesabiwa? Sheria ya Afrika Kusini ya 2011 haikusita: inawatambua pia waliopigana katika majeshi ya ukombozi. Kenya iliiondolea Mau Mau marufuku mwaka 2003, ikawaachia wapiganaji wake Sheria ya Mashujaa ya 2014.

Kigezo cha heshima kina kasoro kubwa zaidi. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, Jeshi la Anga lilivunjwa. Wapo waliohukumiwa kwa uasi. Wapo pia waliozuiliwa, wakaachiliwa, wakafutwa kazi. Kuwatia wote kapu moja ni uvivu wa kisheria.

Hofu ya gharama ya kuwatambua watu hawa haina uzito mkubwa: wapagazi hawapo tena, na Keya wa Burma wamebaki wachache mno. Bunge liirekebishe sheria: ushahidi wa chifu, nishani na kumbukumbu za kambi ukubaliwe pale cheti cha kuachishwa kilipopotea, wajane wasikilizwe bila wakili, na kila faili la 1982 lisomwe peke yake.